Nyimbo za bibi zao zimo. Za bibi zetu ziko wapi?

Leo sina habari za simu mpya wala sina somo la hatua kwa hatua. Leo nataka kugombana. Asiyependa ugomvi apite, tutaonana wiki ijayo nikiwa nimetulia.

Nagombana na watu wa nyumbani: waandishi wa programu wa Afrika Mashariki, kuanzia hapa Kwale hadi Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, waliojifunza kazi hii kwa mazoezi ya bure yaliyoandikwa na wenzao wa mbali, wakapata ajira, wakanunua laptopu ya pili, na mpaka leo hawajarudisha hata zoezi moja. Wakikutana barazani wanalalamika: ati mazoezi yale ni ya Kizungu mno, vijana wetu hawayaelewi. Ni kweli ni ya Kizungu, na nitakuonyesha hapa chini ni kwa kiasi gani. Lakini hakuna aliyekula njama. Wao walikwenda kuandika, sisi hatukwenda. Ni hivyo tu.

Mradi wenyewe

Mradi ninaouzungumzia unaitwa Exercism. Aliuanzisha Katrina Owen mwaka 2013, na unaendeshwa na shirika lisilotafuta faida. Unachagua lugha ya programu, na ziko zaidi ya 70, kuanzia Python na JavaScript hadi zile ambazo hujawahi kusikia mtu akizitaja. Unaandika amri moja:

    exercism download --track=python --exercise=two-fer

Kompyuta inashusha folda. Ndani mna maelezo ya zoezi, faili la kuandikia jibu, na faili la majaribio. Majaribio ni msimbo unaoliendesha jibu lako na kusema limepita au limeanguka. Unaandika, unaendesha majaribio, yanaanguka, unarekebisha, mpaka yote yapite. Ukimaliza unaweza kumwomba mtu wa kujitolea aisome kazi yako akushauri. Yeye halipwi, na wewe hulipi.

Kwa kijana aliyemaliza kidato cha nne huku Msambweni na hana karo ya chuo, hili si jambo dogo. Anapata mwalimu asiyechoka, asiyemcheka, anayemwambia kila dakika kosa liko wapi.

Mazoezi yote yako GitHub. Kuna hazina moja inaitwa problem-specifications, yenye maelezo ya mazoezi pamoja na data ya majaribio. Wasimamizi wa kila lugha huchukua humo na kutengeneza faili za lugha yao. Maana yake ni kwamba zoezi likiingia humo mara moja, linaweza kumfikia mwanafunzi wa Go, wa Rust, wa Elixir na wa Java. Maudhui hayo yana leseni ya MIT, yaani unaruhusiwa kunakili, kubadilisha na kusambaza, alimradi usiondoe tangazo la leseni.

Mle ndani mna nini

Sasa tuingie tutazame. Tuanze na hilo hilo two-fer, ambalo wengi hukutana nalo mapema kabisa. Kazi yenyewe ni nyepesi: ukipewa jina unarudisha sentensi yenye jina hilo, usipopewa unaweka neno la jumla. Ni mistari miwili. Lakini jina la zoezi ni mchezo wa matamshi. Katika lafudhi fulani za Kiingereza, ukiharakisha kutamka maneno ya kutangaza viwili kwa bei ya kimoja, yanasikika hivyo.

Nina vijana watano ninaowafundisha jioni. Mmoja wao alikaa nusu saa akilitafuta neno hilo kwenye kamusi. Kamusi haina. Akaja kuniambia, "Mwalimu, nadhani mimi sifai kwa programu." Mistari miwili! Alikuwa anafaa sana, na leo anaandika msimbo unaonifurahisha. Kilichomkwamisha ni lafudhi ya watu wasiomjua.

Tuendelee. Liko zoezi la kutoa maneno ya wimbo wa Krismasi wa siku kumi na mbili. Liko la wimbo wa bibi kizee aliyemeza nzi. Liko la wimbo wa watoto kuhusu nyumba aliyoijenga Jack. Liko la wimbo wa chupa kumi za kijani ukutani, ambalo lilichukua nafasi ya lile la zamani la chupa 99 za bia. Liko la kugeuza maneno kuwa Pig Latin, mchezo wa watoto wa Kiingereza kama kinyume chetu. Liko la kuhesabu alama za Scrabble. Liko la kuandika tarakimu kwa maneno ya Kiingereza, hadi 999,999,999,999. Na liko moja linaitwa meetup, la kutafuta tarehe ya mkutano, ambalo lina kundi la siku za tarehe 13 hadi 19, kwa sababu tu Kiingereza kina kiambishi kimoja cha mwisho kwa namba hizo. Mtoto wa Kidigo anayesema kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano, hana habari kwamba tarehe hizo saba ni ndugu.

Usinielewe vibaya. Mazoezi haya ni mazuri. Wimbo unaorudiarudia maneno ni njia nzuri ya kufundisha kitanzi, na ule unaoongeza kitu kimoja kila ubeti unafundisha orodha. Aliyeandika alikuwa na akili. Alijiuliza ni kitu gani anakijua tangu utotoni, chenye mpangilio, ambacho hakihitaji kuelezwa, akakumbuka wimbo wa bibi yake. Na kwake ilikuwa kweli kwamba hakihitaji kuelezwa.

Ukitaka kujua kwa nini nyimbo za bibi zetu hazimo, usimuulize yeye. Yeye hakumjua bibi yako.

Michango ya tisheti

Najua wako watakaosema, "Lakini mimi nimechangia miradi huria, tazama ukurasa wangu wa GitHub, una viboksi vya kijani mwaka mzima." Ndugu yangu, nimevitazama. Umeongeza jina lako kwenye orodha ya majina. Umebadilisha herufi kubwa kuwa ndogo kwenye faili la README. Umeweka koma, mwezi uliofuata mwenzako akaiondoa.

Haya hayakuanzia kwetu. Oktoba 2020, kampuni ya DigitalOcean ilikuwa ikiendesha Hacktoberfest, ambapo ukituma michango minne ulipata tisheti. Wasimamizi wa miradi duniani kote waliamka wakakuta mafuriko ya maombi yasiyo na maana, watu wakiandika tu kwamba mradi ni mzuri sana. Kelele zilizidi hadi tarehe 3 mwezi huo huo kanuni zikabadilishwa: mradi usiojiandikisha wenyewe hauhesabiwi tena. Watu waliokuwa wakifanya kazi ya bure usiku, baada ya kulaza watoto, walipoteza usiku wao kufuta takataka kwa ajili ya fulana ya pamba.

Huku kwetu tuna mfano wa karibu zaidi. Mwaka 2009 hadi 2010 Google iliendesha shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, kwa zawadi kama laptopu na simu. Makala ziliongezeka kwa mamia. Zawadi zikagawiwa. Wengi wa washiriki hawakuonekana tena, na wale wachache waliokuwa wakiijenga Wikipedia hiyo tangu miaka ya mwanzo wakabaki kusafisha makala za watu walioondoka.

Na kuna taasisi moja ya mafunzo ya programu, siitaji jina, iliyompa kijana ninayemfahamu agizo la kutuma michango kumi kwa mwezi popote pale, ili cheti chake kipendeze. Popote pale! Mwalimu hakumuuliza ametatua nini, alihesabu tu. Kijana akajifunza kwamba mradi huria ni mti wa barabarani: unatikisa, embe linaanguka, unaondoka.

Wasomaji wa huku Pwani wanajua kula kikoa. Watu wa kundi moja wanakula kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Hakuna anayepeleka bili, lakini kila mtu anajua zamu ya nani imefika. Anayekula kila siku na siku yake ikifika ameugua tumbo, hatukanwi. Anasahauliwa kualikwa. Wahenga walishamaliza maneno: mla cha mwenziwe na chake huliwa. Sisi chetu hakijawahi kuliwa.

Na kutafsiri je?

Kila nikisema haya mtu hunijibu, "Basi tuyatafsiri kwa Kiswahili." Hapa nitagombana na marafiki.

Nawaheshimu watafsiri. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na washirika wao kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, tena huria. Watu wale walikaa wakajadili neno moja moja wakati wengine wakicheka kwamba Kiswahili hakiwezi kuingia kwenye kompyuta. Walichokifanya hakisahauliki.

Lakini tafsiri ni mbio za kumfukuza aliye mbele. Toleo jipya likitoka, yapo maneno mapya mamia, na mtafsiri anaanza kukimbia tena. Na kwa upande wa mazoezi, tafsiri haitibu ugonjwa. Hebu tafsiri wimbo wa bibi kizee aliyemeza nzi. Umepata nini? Umepata bibi wa watu anayemeza nzi kwa Kiswahili. Tafsiri zoezi la tarehe 13 hadi 19 uone utaweka nini pale penye kiambishi. Mwanafunzi wangu atasoma kila neno na bado hataelewa kwa nini.

Tuandike mazoezi yanayoanzia hapa. Maelezo yawe kwa Kiingereza yakipelekwa kwenye mradi wa dunia, sawa, hiyo ndiyo lugha ya mradi. Tatizo lenyewe liwe letu, na mwanafunzi wa Oslo ndiye akune kichwa kidogo mara hii. Atajifunza. Sisi tumejifunza Krismasi yao miaka yote hiyo, hatukufa.

Tunayo ya kutosha

Mtu asiniambie hatuna cha kuandika. Nakupa manne hapa hapa.

*La kwanza, saa.* Sisi tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza, na Waethiopia pia. Saa 7:00 ya kompyuta ni saa moja yetu. Simu yako hata ukiiweka Kiswahili bado inakuandikia 7:00, na kila mtu hapa anatoa sita kichwani kabla ya kujibu. Zoezi: pokea saa na dakika, rudisha maneno. Majaribio machache:

    assert saa(7, 0)   == "saa moja asubuhi"
    assert saa(12, 0)  == "saa sita mchana"
    assert saa(0, 0)   == "saa sita usiku"
    assert saa(6, 45)  == "saa moja kasorobo asubuhi"
    assert saa(18, 30) == "saa kumi na mbili na nusu jioni"

Tazama jaribio la nne. Saa 6:00 ni saa kumi na mbili, lakini kasorobo inakupeleka saa inayofuata, na inayofuata baada ya kumi na mbili ni moja. Mwanafunzi aliyeandika "ongeza moja" bila kufikiri atapata saa kumi na tatu kasorobo, na jaribio litamwangusha. Mtego huo mmoja unafundisha hesabu ya mzunguko vizuri kuliko kurasa kumi za kitabu.

*La pili, namba kwa maneno.* Wengi wanadhani ni rahisi kuliko Kiingereza, na hadi 99 ni kweli. Sasa niambie: "elfu mia moja na moja" ni ngapi? Ni 100,001 au ni 101,000? Wote wawili wana haki. Zoezi zuri linamlazimisha mwanafunzi kutumia laki: "laki moja na moja" kwa ya kwanza, "laki moja na elfu moja" kwa ya pili. Hapo mtu anajifunza kwamba utata wa lugha ni hitilafu ya programu inayosubiri kutokea, na mwenye hundi mkononi atakuambia tofauti yake ni shilingi 999.

*La tatu, siku.* Jina Jumatatu linasema ni siku ya tatu, kwa sababu sisi tunahesabu kuanzia Jumamosi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8601 kinaiita siku ya 1, na kitendo cha weekday cha Python kinaiita 0. Kisha Jumatano ni ya tano, na inayofuata, Alhamisi, jina lake la Kiarabu nalo maana yake ni ya tano! Ukimaliza hapo weka juma la siku nne la Wamijikenda kando ya la siku saba. Soko likiwa siku fulani ya juma la nne na leo ni Ijumaa, lini tena vitakutana? Baada ya siku 28, kwa kuwa 4 na 7 hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1. Wazee walilijua hilo bila kompyuta.

*La nne, maji.* Mvuvi wa hapa anajua bamvua na maji mafu kwa kuutazama mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, na nusu mwezi huleta maji mafu. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mpe mwanafunzi siku ya mwezi na saa ya maji kujaa leo, mwambie akadirie kesho na keshokutwa, akiangalia asivuke usiku wa manane bila kubadilisha tarehe.

Bado sijagusa ngeli, wala ada za kutuma pesa kwa simu ambazo hupanda kwa ngazi, wala chenji ya matatu ya Ukunda kwenda Likoni konda akiwa na noti za mia tupu.

Kwa nini kuandika zoezi ni kazi ngumu, na kwa nini ndiyo inayolipa

Wako wanaodharau: "Zoezi? Hilo ni la wanaoanza." Jaribu basi. Chukua hilo la saa uandike majaribio yake yote, tuone.

Utafika saa 4:00 ya kompyuta. Ni saa kumi, lakini saa kumi ya nini? Usiku? Alfajiri? Jioni inaishia wapi, saa kumi na mbili na nusu au saa moja? Niliwauliza watu wanne nikapata mipaka minne, na wote ni Waswahili wa ukanda huu huu. Kompyuta haikubali "inategemea". Lazima uamue, uandike uamuzi wako kwenye maelezo kwa sentensi mbili zinazoeleweka, halafu uweke jaribio pande zote mbili za kila mpaka. Dakika moja kabla, na dakika yenyewe.

Kisha utagundua jambo la pili. Ukishachapisha jaribio, watu maelfu wameshaandika majibu yanayolitegemea. Ndiyo maana katika problem-specifications kila jaribio lina namba yake ya utambulisho, na ukiona limekosewa huligusi: unaongeza jipya linalosema linachukua nafasi ya lile. Hiyo ni adabu ya kutunza kitu kinachotumiwa na wengine. Huwezi kuijifunza kwa kuweka koma kwenye README.

Mtu aliyewahi kuandika zoezi moja lenye majaribio 20 yaliyotulia, akajibu maswali ya wasimamizi watatu wa lugha tatu tofauti, akabadilisha maelezo mara nne bila kukasirika, huyo mimi ningempa kazi kesho kabla sijatazama viboksi vyake vya kijani.

Visingizio

"Intaneti ni ghali." Ni ghali, sikatai, na huku Mwabungo stima hupotea pia. Lakini Git ilitengenezwa iweze kufanya kazi bila mtandao. Nakili hazina mara moja, fanya kazi wiki nzima bila bando, hifadhi mabadiliko yako kwenye mashine, ukienda Ukunda yasukume yote pamoja. Zoezi zima ni faili chache za maandishi, dogo kuliko picha moja ya harusi unayotumiwa kwenye WhatsApp.

"Kiingereza changu hakijanyooka." Maelezo ya zoezi ni aya mbili tatu. Majaribio yako yakiwa safi, sarufi itanyooshwa na mwingine kwa dakika tano. Majaribio mabovu hayanyooshwi na mtu, hata yakiandikwa kwa Kiingereza cha Malkia.

"Hailipi." Hailipi. Wala wewe hukulipa.

"Watakataa." Hili ndilo la maana, na nitalijibu kwa heshima. Ndiyo, wanaweza kukataa. Wasimamizi ni wachache, wamechoka, na baada ya mafuriko ya michango ya ovyo miradi mingi imejiwekea ukuta. Kwenye hazina za Exercism nako ombi lililorushwa bila kujadiliwa kwanza huweza kufungwa na roboti kabla halijasomwa na mtu. Kwa hiyo usirushe. Piga hodi kwanza. Eleza zoezi, eleza linafundisha nini ambacho yaliyopo hayafundishi, onyesha majaribio matano. Wakisema tayari wanayo mazoezi ya saa ya kutosha, waonyeshe la laki. Wakikataa hilo pia, leseni ni MIT: chukua mpangilio wao, fungua hazina yako mwenyewe, weka mazoezi yetu humo kwa Kiswahili kabisa, na mpe kijana wa Lunga Lunga aanze nayo kesho. Kukataliwa zoezi lililokamilika hakukuachi mikono mitupu, zoezi bado unalo.

Na kumbukeni, lile la bia liliondoka likaja lisilo na pombe. Mradi huu husikia. Lakini husikia anayesema kwa msimbo na kwa hoja. Manung'uniko ya barazani Ukunda hayafiki.

Ninachotaka

Sitaki kampeni, wala shindano, wala tisheti. Hatuhitaji warsha hotelini Diani yenye chai na mabango. Nataka watu kumi, kila mmoja aandike zoezi moja mwaka huu, alikamilishe, alitunze. Zoezi kumi tu. Mwaka kesho kijana wangu wa sita akianza, nataka akutane na saa moja kasorobo kabla hajakutana na two-fer, ili akikwama ajue amekwama kwenye programu, asidhani amekwama kwa sababu yeye ni yeye.

Mimi nimeanza na la saa. Maelezo yako tayari, majaribio 24 yako tayari, na jibu la mfano limeandikwa kwa Python na kwa Ruby. Kilichobaki ni ile mipaka. Nataka mtu wa Lamu, mtu wa Unguja, mtu wa Mwanza na mtu wa Bukavu waniambie: kwenu alfajiri inaanza saa ngapi, na saa kumi na mbili na nusu baada ya jua kuzama mnaiita jioni au usiku? Jibuni kwa namba. Anayetaka kunitukana pia aruhusiwe, lakini aambatanishe jaribio.